Hali ya Nne ya Maada: Plasma Kati ya Lodwar na Kakuma

Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013, kivuli cha mwezi kilitua kwanza juu ya Bahari ya Atlantiki, kikaingia Afrika kupitia Gabon, kikakata misitu ya Kongo, kikapita Pakwach nchini Uganda, na ilipokaribia saa kumi na moja na nusu jioni kilikuwa kinavuka Turkana na ziwa lake kuelekea Ethiopia na Somalia. Watu walikuwa wamesafiri kutoka mbali kukingoja, wengine wakipiga kambi kando ya ziwa upande wa Sibiloi. Ukanda wa giza kamili ulikuwa mwembamba sana, hivyo sehemu kubwa ya Turkana iliona jua lililomegwa tu. Hata ndani ya ukanda wenyewe, giza la Turkana halikufikisha sekunde ishirini.

Lakini sekunde hizo zina thamani kubwa. Jua linapofunikwa lote, hujitokeza taji jeupe la miali laini lililolizunguka pande zote, ambalo wanasayansi huliita korona. Taji hilo lipo kila siku, asubuhi hadi jioni. Hatulioni kwa sababu uso wa jua hulizidi mwangaza karibu mara milioni moja. Mwezi ukiuziba uso huo sawasawa, jicho linapata nafasi ya kuona kilichokuwa kimefichwa na nuru yenyewe.

Korona si moshi, si wingu, wala si moto. Ni plasma, na jua lote chini yake ni plasma. Nyota zote tunazoziona usiku kutoka kingo za mto Turkwel ni plasma pia. Wanasayansi hukadiria kwamba zaidi ya asilimia 99 ya maada inayoonekana ulimwenguni iko katika hali hiyo.

Watoto wetu hufundishwa kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Mafunzo hayo yanatosha kueleza jiwe, maji na mvuke wa sufuria. Kwa ulimwengu mzima hayatoshi, kwa kuwa yameacha nje hali iliyo kubwa kuliko zote. Na kama kuna mahali Afrika Mashariki ambapo hali hiyo ya nne haipaswi kuwa ngeni, ni huku Turkana, ambako jua huonekana karibu kila siku ya mwaka, redio huvuma usiku, mafundi huchomelea vyuma kando ya barabara, na mabati hubeba paneli za sola.

Kutoka barafu hadi plasma

Chukua kipande cha barafu kutoka friji ya duka la Lodwar mjini. Katika mchana wa nyuzi 35, kitageuka maji mara moja. Yachemshe maji hayo nayo yatakuwa mvuke. Hapo ndipo vitabu vingi vya shule hufunga somo, ingawa joto lenyewe halijafika mwisho. Mvuke huo ukipashwa hadi nyuzi elfu kadhaa, molekuli za maji hukatika na kuacha atomi za haidrojeni na oksijeni kila moja peke yake. Ukizidi kupashwa, kuvuka nyuzi elfu kumi, atomi nazo hugongana kwa nguvu nyingi hata elektroni zake zikang'oka. Kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni huru, zenye chaji hasi, pamoja na atomi zilizopokonywa elektroni, ziitwazo ioni, zenye chaji chanya. Mchanganyiko huo ndio plasma.

Fikiria maboma yaliyotawanyika nyikani, kila moja na mbuzi wake zizini. Hiyo ndiyo gesi ya kawaida: kila atomi na elektroni zake. Sasa mazizi yote yafunguliwe kwa wakati mmoja. Mbuzi hawajapungua na maboma hayajapungua, kwa hiyo hesabu ya eneo zima ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena mbuzi aliye wa boma fulani. Vivyo hivyo plasma, ikitazamwa kwa ujumla, haina chaji ya ziada: hasi na chanya zinalingana. Lakini ndani yake chaji zinatembea huru.

Uhuru huo ndio unaoitenga plasma na gesi. Katika hewa tunayovuta, molekuli moja haina habari ya nyingine mpaka zigongane. Katika plasma, kila chaji huzivuta au kuzisukuma nyingine nyingi zilizo mbali nayo, hivyo chembe milioni nyingi huweza kutikisika pamoja kama kitu kimoja. Plasma hupitisha umeme. Hutii sumaku. Hujipanga katika nyuzi, mapazia na matao ambayo gesi ya kawaida haiwezi kuyaunda.

Si lazima kila atomi ipoteze elektroni ndipo tuseme tumefika. Mwaka 1920 mwanafizikia wa Kihindi Meghnad Saha alionyesha kwa hesabu jinsi kiwango cha joto na msongamano wa gesi vinavyoamua ni atomi ngapi zitafunguka. Kwa hesabu hiyo, wanaastronomia waliweza kusoma nuru ya nyota na kujua joto lake, na mwaka 1925 Cecilia Payne akaitumia kuonyesha kwamba nyota zimeumbwa hasa kwa haidrojeni na heliamu. Hesabu hiyo hiyo inatuambia kwamba makaa mekundu ya jiko si plasma, na kwamba mwali wa kuni una ioni chache tu ndani yake. Moto wa jikoni unakaribia mlango wa hali ya nne, lakini hauingii ndani kikamilifu.

Walioutambua mlango huo mapema walikuwa wakichunguza mirija ya vioo iliyotolewa hewa na kupitishwa umeme. Mwingereza William Crookes alizungumzia hali ya nne ya maada mwaka 1879. Jina plasma lilitolewa na Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928, na halihusiani na plasma ya damu inayotajwa hospitalini ila kwa kuazimwa.

Fumbo la chuma kwenye taji

Turudi kwenye korona, kwa sababu ndiko plasma ilikowashangaza wataalamu kuliko mahali pengine popote.

Katika kupatwa kwa jua kwa mwaka 1869, wachunguzi waliipitisha nuru ya korona kwenye vifaa vya kuichambua rangi wakaona mstari wa kijani ambao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana duniani. Mwaka mmoja tu kabla yake, mstari wa manjano kwenye nuru ya jua ulikuwa umefungua njia ya kugunduliwa kwa heliamu. Basi wengi wakaamini kwamba na huu wa kijani ni wa elementi mpya, wakaipa jina la koronia. Ilitafutwa kwa miaka sabini.

Haikuwapo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940, Mjerumani Walter Grotrian na Msweden Bengt Edlén walikuwa wamelitatua fumbo: mstari ule unatoka kwa chuma, chuma kile kile cha mabati na majembe, ila kimepoteza elektroni 13 kati ya 26 zake. Ili atomi ya chuma ivuliwe kiasi hicho, inahitaji joto linalozidi nyuzi milioni moja.

Jibu hilo likazaa swali gumu zaidi. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi. Inakuwaje taji lililo nje yake liwe na nyuzi milioni moja na zaidi? Kila mtu aliyewahi kuota moto anajua kwamba ukisogea mbali unapata baridi. Jua linafanya kinyume. Maelezo yanayotafitiwa zaidi yako kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu za sumaku zinafika. Plasma ya jua inachemka na kuburuta nyuzi za uga huo, kuzisokota na kuzikaza, hadi nishati iliyolimbikizwa inatolewa juu kwa mawimbi au kwa milipuko midogo isiyohesabika. Ni nini hasa kinachobeba mzigo mkubwa wa kazi hiyo, bado ni suala la ubishi. Chombo cha Marekani kiitwacho Parker Solar Probe, kilichorushwa Agosti 2018, kimetumwa ndani ya korona yenyewe kwa ajili ya swali hilo, na tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6 na ushei kutoka uso wa jua. Hakuna chombo cha binadamu kilichowahi kulikaribia hivyo.

Chini ya taji na chini ya uso, katika kitovu cha jua, joto hufika nyuzi milioni 15. Huko viini vya haidrojeni huungana kuwa heliamu, na kila sekunde tani milioni nne hivi za maada hugeuka nishati. Nishati hiyo hupenya polepole hadi usoni, kisha nuru yake hutumia dakika nane na sekunde ishirini kufika duniani. Jua linalomfanya mchungaji wa Lokichar atafute kivuli cha mgunga saa saba mchana limezaliwa kwenye plasma.

Binadamu anajaribu kuliiga. Ugumu wake mkubwa ni kwamba hakuna chungu kinachoweza kushika plasma ya nyuzi milioni mia moja, hivyo wahandisi huifungia ndani ya uga wa sumaku ili isiguse ukuta. Mtambo wa JET nchini Uingereza ulizalisha megajuli 69 katika majaribio yake ya mwisho ya mwaka 2023. Marekani, kwa njia nyingine ya kukandamiza punje ya haidrojeni kwa leza, ilipata Desemba 2022 nishati iliyozidi ile ya leza zilizoipiga punje hiyo. Bado hakuna mtambo wa aina hii unaowasha taa ya mtu nyumbani. Lakini iwapo siku moja utakuwapo, utatokana na kujifunza tabia ya plasma kwa subira.

Mwanga wa fundi

Huhitaji kungoja kupatwa kwa jua ili uwe karibu na plasma. Tembea kwenye karakana za jua kali za Lodwar, mahali wanapotengeneza milango, madirisha na matrela ya punda. Nenda Kakuma, ambako Don Bosco kwa miaka mingi imewafundisha vijana wakimbizi na wenyeji ufundi wa kuchomelea. Fundi anagusisha ncha ya fimbo ya kuchomelea na chuma, kisha anaiinua kidogo. Kwenye mwanya huo mdogo, umeme unaruka.

Kinachoruka hapo si cheche tu. Mkondo wa umeme, mara nyingi wa ampea mia moja na zaidi, umezifungua atomi za hewa, za mvuke wa chuma na za dawa iliyopakwa kwenye fimbo, ukatengeneza safu fupi ya plasma yenye joto linalozidi nyuzi 6,000. Uso wa jua hauifikii. Chuma, kinachoyeyuka karibu na nyuzi 1,500, hakina namna ya kuvumilia. Plasma hiyo pia hutoa miali mingi ya urujuanimno isiyoonekana, ambayo huunguza macho ya asiyevaa kioo cheusi na kumfanya usiku ahisi kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni. Kinga ya fundi si pambo. Anafanya kazi nusu mita kutoka kwenye kitu cha jamii moja na nyota.

Radi ni ndugu mkubwa wa mwanga huo. Mkondo wa ampea elfu thelathini hivi hupita kwenye mfereji mwembamba wa hewa na kuupasha hadi nyuzi elfu thelathini kwa muda usiofika hata kufumba na kufumbua. Hewa inapanuka ghafla, na mshindo wake ndio ngurumo. Turkana ni kame, na Lodwar hupata mvua kidogo kwa mwaka, lakini mawingu yanapokusanyika na laga la Tarach, mto wa msimu pale Kakuma, likaanza kujaa, anga hutoa plasma yake kwa wingi. Wakazi wa Kisii, na zaidi yao wakazi wa milima ya mashariki mwa Kongo karibu na Kifuka, mojawapo ya sehemu zinazopigwa radi mara nyingi kuliko zote duniani, wanaijua kwa majonzi.

Je, kila plasma huunguza? Hapana, na hapa wengi huteleza. Ishike taa ya mrija, ile nyeupe ndefu ya ofisini, ikiwa imewaka. Ina uvuguvugu tu. Lakini elektroni zilizo ndani yake zina joto la nyuzi elfu kumi hivi. Siri iko kwenye uzito. Atomi ya zebaki iliyomo kwenye mrija ni nzito kuliko elektroni zaidi ya mara laki tatu, hivyo elektroni ikiigonga hudunda bila kuipa nishati yoyote ya maana ya mwendo. Elektroni zinabaki moto, atomi zinabaki poa, na kwa kuwa chembe zote humo ni chache, kioo hakiungui. Kiwango cha joto hutueleza chembe zinaenda mbio kiasi gani. Hakituelezi ziko ngapi. Korona nayo, pamoja na nyuzi zake milioni, ni nyembamba kuliko ombwe nyingi zinazotengenezwa maabara. Taa mpya za LED zinazoenea sasa hazitumii plasma hata kidogo, hivyo taa ya mrija ni kielelezo kinachotoweka polepole madarasani mwetu.

Dari la mawimbi

Kuanzia kilomita 60 hivi juu ya vichwa vyetu, miali ya urujuanimno na ya eksirei kutoka kwenye jua hupiga hewa nyembamba na kung'oa elektroni zake. Eneo hilo ni ionosfia, plasma inayoizunguka dunia yote. Kwenye kimo cha kilomita 300 hivi, mchana wa jua kali, kila sentimita moja ya ujazo huwa na elektroni huru zinazokaribia milioni moja.

Idadi hiyo ina maana ya moja kwa moja kwa anayesikiliza redio. Elektroni za plasma zikisukumwa hutikisika kwa kasi yake maalumu, na kwa msongamano huo kasi yenyewe ni mitikisiko milioni tisa hivi kwa sekunde. Wimbi la redio lililo chini ya kasi hiyo, likipanda wima, hurudishwa duniani. Lililo juu zaidi huweza bado kurudi iwapo linaingia kwa mshazari, ndiyo maana mawimbi mafupi hufika bara hadi bara. Mawimbi ya FM, yanayotikisika mara milioni 88 hadi 108 kwa sekunde, hutoboa na kwenda zake angani. Stesheni ya FM ya Lodwar haiwezi kusikika Nairobi, lakini matangazo ya Kiswahili ya mawimbi mafupi kutoka Ulaya yaliwafikia wafugaji wa Turkana kwa miongo mingi bila mnara hata mmoja njiani.

Guglielmo Marconi alipovusha ishara kutoka Uingereza hadi Newfoundland Desemba 1901, wengi walisema haiwezekani, kwa kuwa dunia ni mviringo na mawimbi hayapindi kiasi hicho. Mwaka uliofuata Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba kuna tabaka la umeme angani. Edward Appleton alilithibitisha kwa vipimo mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa Turkana, sayansi hiyo iliwahi kubeba maisha ya watu. Kuanzia mwaka 1989, Lokichoggio, mji mdogo ulio kaskazini magharibi mwa Kakuma, ulikuwa kituo kikuu cha misaada iliyopelekwa kusini mwa Sudan chini ya Operation Lifeline Sudan. Kabla ya simu za setilaiti kuzagaa, redio za HF, yaani za mawimbi mafupi, ndizo zilizowaunganisha wafanyakazi walioko vijijini, mbali na barabara, na wenzao wa Lokichoggio. Ujumbe wa kuomba ndege, dawa au kuokolewa ulipanda hadi kwenye plasma na kurudi chini. Mwaka 1992, kambi ya Kakuma ilipofunguliwa kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, plasma hiyo ilikuwa tayari sehemu ya miundombinu ya eneo hili, ingawa hakuna aliyeijenga.

Ionosfia ya kwetu ina tabia isiyopatikana Ulaya. Ikweta ya sumaku ya dunia, ambako nyuzi za uga wa sumaku hulala sambamba na ardhi, hupita Ethiopia, kaskazini mwa Turkana. Mchana, nguvu za umeme na sumaku huinyanyua plasma juu ya mstari huo, kisha ikatiririka kaskazini na kusini. Jua likishatua, tabaka la chini huvurugika, na mapovu makubwa yenye plasma hafifu hupanda juu. Ishara ya GPS ikipita kwenye mapovu hayo huyumba, na wakati mwingine hupotea. Rubani, mpimaji ardhi au mtafiti wa maji anayefanya kazi usiku katika ukanda wetu ana sababu ya kuijua hali ya plasma kama anavyoijua hali ya hewa. Na ndiyo sababu watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya na Ethiopia wanaipima anga hii: vipimo vya London au Berlin haviwezi kueleza yanayotokea juu ya Lodwar.

Uhuru angani

Mchango wa Kenya katika elimu ya plasma ulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kutazama miali ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Eksirei za angani hutoka hasa kwenye plasma yenye joto la mamilioni ya nyuzi, na hewa ya dunia huzizuia zisifike chini. Ndiyo maana ilibidi kupanda juu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Miongoni mwa yale iliyoyaonyesha ni kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni mengi ya nyuzi, iliyotanda baina ya galaksi na galaksi. Ilikuwa plasma ambayo darubini za kawaida hazikuwahi kuiona, na katika makundi hayo uzito wake huzidi uzito wa nyota zote zilizomo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika historia ya ugunduzi huo, na mtoto wa Kenya anayesoma sayansi anastahili kulikuta katika kitabu chake.

Buluu ya mabati

Ukiingia Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa karibu na Kakuma mwaka 2016, utaziona paneli za sola zikilisha gridi ndogo, maduka, pampu za maji na simu. Nyingi zina rangi ya buluu. Rangi hiyo haikupakwa kwa brashi. Silikoni tupu hung'aa kijivu na hurudisha angani karibu theluthi moja ya nuru inayoipiga. Kwa hiyo kiwandani seli huwekwa kwenye chumba chenye gesi za silani na amonia, na umeme huzigeuza gesi hizo kuwa plasma poa. Vipande vya molekuli vilivyofunguka hutua juu ya seli na kuunda utando wa nitridi ya silikoni ambao unene wake haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Utando huo huzuia nuru isirudi, huziba kasoro ndogo za silikoni, na ndio unaotupatia buluu. Basi kwenye paa moja la Kalobeyei plasma mbili zinakutana: ya jua inayotuma nuru, na ya kiwandani iliyoandaa seli iipokee.

Simu nayo ni mtoto wa plasma. Mifereji iliyomo kwenye chipu zake, mingine myembamba kuliko virusi, huchimbwa kwa ioni za plasma kwa sababu hakuna patasi wala asidi inayoweza kukata wima na kwa usahihi kiasi hicho. Kuanzia mwaka 2015 familia za Kakuma zilipokea sehemu ya msaada wa chakula kupitia simu, kwa mpango wa Bamba Chakula. Kila ujumbe wa aina hiyo ulipita kwenye kifaa ambacho kisingekuwapo bila hali ya nne ya maada.

Somo lisilohitaji maabara

Shule nyingi za Turkana na za kambini hazina maabara ya kutosha, na kuna dhana kwamba bila maabara sayansi ya namna hii haiwezi kufundishwa. Naikataa dhana hiyo kwa moyo wote. Plasma ni mada ambayo mwalimu wa Kakuma anaweza kuifundisha vizuri kuliko mwenzake wa mji wenye anga iliyofunikwa kwa mwanga na kelele za umeme.

Anachohitaji ni redio ndogo yenye mawimbi ya kati, ile sehemu iliyoandikwa AM. Saa sita mchana, wanafunzi wazungushe kitufe polepole kutoka mwisho hadi mwisho na kuandika kila stesheni inayosikika. Orodha itakuwa fupi. Saa tatu usiku warudie nyumbani kazi ile ile. Watasikia stesheni ambazo mchana hazikuwapo, na lugha za nchi za mbali. Kesho yake darasani waulizwe: nani amezileta?

Jibu ni hili. Mchana, tabaka la chini la ionosfia, kati ya kilomita 60 na 90, huwa na elektroni huru zilizobanana na hewa nzito kiasi. Wimbi la AM likifika huko hutikisa elektroni, nazo hugonga molekuli za hewa na kupoteza nishati ya wimbi kabla halijarudi. Jua likitua, elektroni za tabaka hilo hurudi kwa ioni zake kwa haraka, na tabaka likatoweka. Lile la juu, ambako hewa ni nyembamba na elektroni hukawia kukutana na ioni, huendelea kuwapo usiku kucha na kuyarudisha mawimbi duniani. Mwanafunzi aliyehesabu stesheni mbili mchana na tisa usiku amepima plasma kwa masikio yake.

Wanaweza kuendelea. Mikwaruzo ya ghafla inayosikika kwenye AM msimu wa mvua ni radi zinazopiga mbali, pengine Uganda au nyanda za juu za Ethiopia, na wakiandika saa na wingi wake watakuwa na kumbukumbu ya mvua zisizowafikia. Wakiiwasha redio karibu na karakana, watasikia plasma ya fundi ikikoroma kila anapoinua fimbo. Jambo moja wasilifanye kamwe ni kulitazama jua kwa macho matupu au kwa kioo cha kubahatisha, hata linapopatwa. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia, na Kenya italiona jua likimegwa sehemu. Miwani maalumu itahitajika shuleni mapema kabla ya siku hiyo.

Kazi hii yote inaingia katika kipindi kimoja cha dakika arobaini na usiku mmoja wa kusikiliza. Haigharimu zaidi ya betri za redio. Mtoto akiimaliza, atakuwa amejifunza kwamba hali tatu alizokariri ni za sehemu ndogo na poa ya ulimwengu, na kwamba hali inayotawala kwingineko ameisikia mwenyewe na kuiandika katika daftari lake, kutoka Turkana.